Lita Moja, Kilomita Ngapi?

Kwenye matangazo ya madalali wa Dar es Salaam, Toyota IST huandikwa "cc 1290" au "cc 1490". Madalali wamekata mkia. Injini kubwa ya gari hilo ina ujazo wa cc 1,497. Vitz ya kwanza, iliyoingia sokoni Japani Januari 1999, ilikuwa na injini ya cc 997. Utadhani wahandisi wa Toyota waliishiwa chuma walipokaribia kufika. Pistoni haijali kama ujazo ni 1,497 au 1,503. Anayejali ni mtoza kodi.

Kwa miaka mingi Japani imetoza kodi ya mwaka ya gari kwa kufuata ujazo wa injini. Kabla ya mabadiliko ya 2019, gari binafsi lisilozidi cc 1,000 lililipiwa yeni 29,500 kwa mwaka. Likizidi hapo mpaka 1,500, yeni 34,500. Likizidi hapo mpaka 2,000, yeni 39,500. Ukiunda injini ya cc 1,503 umempandisha mteja ngazi nzima kwa ajili ya cc tatu, ndiyo maana hakuna anayeiunda. Upana nao una mstari wake: gari likizidi mita 1.7 linatoka katika kundi la magari madogo na kuhesabiwa na makubwa. IST ya kwanza ina upana wa milimita 1,695. Zimebaki milimita tano, karibu unene wa penseli.

Kwa hiyo gari linalojipenyeza kwenye vichochoro vya Mwananyamala, likipishana na bajaji kwa umbali wa kiganja, lilikatiwa vipimo na karani wa kodi wa Tokyo. Nalianza hapa kwa sababu swali la gari gani linakula mafuta kidogo kwetu huulizwa kana kwamba ni swali la fundi. Fundi ana nafasi yake, lakini ni swali la historia pia. Meza tunayochagulia iliandaliwa na watu wengine kwa shida zao wenyewe, na hata namba tunayoitegemea, ya kilomita kwa lita, ilizaliwa kwenye barabara ambayo si yetu.

Japani haina mafuta. Karibu yote inayotumia huletwa kwa meli, na barabara za miji yake mingi ni nyembamba. Mwaka 1949, nchi ikiwa bado inajikusanya baada ya vita, serikali iliweka kundi la magari mepesi sana, kei, yenye unafuu wa kodi na masharti ya ukubwa. Katikati ya miaka ya 1950 ujazo wa injini zake uliwekewa kikomo cha cc 360, ambao ni ujazo wa pikipiki kubwa. Kikomo hicho kilipanda hadi 550 mwaka 1976, kisha 660 mwaka 1990, na hapo ndipo kilipo mpaka leo. Kizazi kizima cha wahandisi kilijifunza kazi kwa kujiuliza namna ya kubeba watu wanne kwa injini ya kiasi hicho. Hawakuwa wakitabiri lolote. Walikuwa wakikwepa kodi kihalali.

Kisha ikaja Oktoba 1973. Vita vilipoanza kati ya Israeli kwa upande mmoja na Misri na Siria kwa upande wa pili, nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilipunguza uzalishaji na kuifungia Marekani. Pipa lililouzwa takriban dola tatu lilikaribia dola 12 ilipofika Januari 1974. Huko Osaka akina mama walipanga foleni na kugombania karatasi za chooni, kwa uvumi kwamba bila mafuta viwanda vya karatasi vingesimama. Huko Marekani, ambako gari jipya la wastani lilikwenda takriban maili 13 kwa galoni, yaani kilomita tano na nusu kwa lita, Rais Nixon alisaini sheria ya kushusha mwendo wa barabara kuu hadi maili 55 kwa saa. Watu waliozoea kununua gari kwa kutazama urefu wa boneti wakaanza kuuliza swali geni kwao: linakunywa kiasi gani?

Jibu walipewa na taasisi ambayo haikuanzishwa kwa kazi hiyo, na kisa hiki bado sisi wengine tunakilipia.

Mamlaka ya Mazingira ya Marekani, EPA, ilikuwa tayari ina maabara ya kupima magari, lakini ilichokuwa inatafuta ni moshi. Los Angeles ilikuwa inasongwa na ukungu mchafu, na wataalamu walihitaji mwendo mmoja wa kupimia magari yote kwa haki. Walichukua safari ya asubuhi ya mjini Los Angeles, wakairekodi, wakaisawazisha, ikawa mchoro: maili saba na nusu hivi, wastani wa kilomita kama 31 kwa saa, kusimama, kuondoka, kupunguza. Gari huwekwa juu ya rola ndani ya chumba. Dereva hatazami barabara. Anatazama mstari kwenye skrini na kuufuata kwa mguu. Mitambo ya rola ya wakati ule haikuweza kuhimili kuondoka kwa kasi, matairi yangeteleza, kwa hiyo mchoro ulilainishwa. Dereva wa kwenye maabara ana adabu ambayo hujawahi kuiona Ubungo.

Na mafuta yenyewe hayapimwi kwenye tangi. Moshi unaotoka kwenye ekzosi hukusanywa, kaboni iliyomo huhesabiwa, kisha hesabu inarudishwa nyuma: kaboni kiasi hiki ilitoka kwenye petroli kiasi hiki. Ni njia sahihi kabisa, nami naipenda kwa ujanja wake. Ila angalia kilichotokea. Kipimo kilichobuniwa kujua gari linachafua hewa kiasi gani kiligeuzwa, nchi ilipobanwa, kuwa ahadi kwa mnunuzi kwamba gari lake litakwenda umbali fulani. Desemba 1975 Marekani ilipitisha sheria iliyowalazimisha watengenezaji kupandisha wastani wa magari yao: maili 18 kwa galoni kwa magari ya 1978, na 27.5 kwa yale ya 1985. Namba ya maabara ikawa namba ya sheria. Namba ikishakuwa ya sheria, watu huanza kutengeneza gari kwa ajili ya namba.

Madereva waligundua mapema. Walilalamika kwamba barabarani hawafikii kilichoandikwa kwenye karatasi ya dirishani. Kuanzia magari ya 1985, EPA ilikata asilimia 10 kwenye namba ya mjini na asilimia 22 kwenye ya barabara kuu. Vipimo vilivyotumika kwenye sheria vilibaki kama vilivyokuwa, lakini karatasi ya mnunuzi ikashushwa. Kwa magari ya 2008 njia ya kukokotoa ilibadilishwa tena, safari hii ikihesabu mwendo wa kasi, baridi, na kiyoyozi. Miaka zaidi ya 30 ilipita kabla kiyoyozi hakijaingia kwenye hesabu. Mtu wa Dar es Salaam angewaambia siku ya kwanza.

Na Dar es Salaam yenyewe ilikuwa wapi wakati wote huu? Ilikuwa inahesabu fedha za kigeni. Bei ya mafuta ilipopanda 1973 Tanzania iliguswa kama nchi nyingine maskini zisizo na visima. Ilipopanda tena baada ya mapinduzi ya Irani ya 1979, nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye vita vya Kagera. Wazee wa mjini wanakumbuka amri ya Jumapili: ikifika saa nane mchana gari binafsi lisionekane barabarani, isipokuwa kwa kibali. Ukienda harusini ulitazama saa kuliko ulivyomtazama bibi harusi. Katika utafiti wangu wa shahada ya uzamili nimezungumza na baadhi yao, na kinachonigusa ni kwamba hakuna hata mmoja aliyenisimulia kuhusu kuchagua gari linalotumia mafuta kidogo. Hapakuwa na kuchagua. Gari lilihitaji kibali cha kuingizwa na fedha za kigeni, na vyote viwili vilikuwa mkononi mwa serikali. Uliyepata Peugeot 504 au Land Rover ulipata uliyopewa, na uchumi wako wa mafuta ulikuwa kuiegesha.

Hata hivyo gari la Kijapani lilikuwa limeshajitambulisha kwetu, tena si kwa ubanaji matumizi. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyopita kwenye tope na vumbi la nchi zetu, yalichukuliwa na Datsun mwaka 1970, 1971 na 1973. Pasaka ya 1974, miezi michache tu baada ya bei ya pipa kupaa, Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Mitsubishi Lancer ya cc 1,600, akimwacha nyuma Björn Waldegård aliyekuwa kwenye Porsche 911. Kwa watu waliosimama kando ya barabara somo lilikuwa wazi: kidogo kinaweza kudumu. Nadhani sifa hiyo ya kudumu ndiyo iliyofungua mlango baadaye, kuliko karatasi yoyote ya kilomita kwa lita.

Mlango wenyewe ulianza kufunguliwa 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za nje kuingiza bidhaa bila kuulizwa walizipataje, na ukapanuka chini ya Mzee Mwinyi. Magari yaliyotumika yalianza kuja, na yaliyokuja kwa wingi kuliko mengine yalikuwa ya Japani kwa sababu mbili zisizohusiana na ubora wake. Moja, Wajapani huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani uko upande tunaoutaka. Mbili, Japani ina ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken: wa kwanza baada ya miaka mitatu gari likiwa jipya, kisha kila baada ya miwili. Ni wa gharama. Gari likifika umri wa miaka saba au tisa, mwenye gari hupiga hesabu na kuona heri auze. Kisheria hakuna anayemfukuza. Ankara ndiyo inayomfukuza, na meli inapokea.

Hapo ndipo ile Vitz ya cc 997, iliyokatwa kwa kodi ya Tokyo, inapofika kwenye yadi ya Dar es Salaam na kukutana na kodi nyingine. Ushuru wetu nao hutazama ukubwa wa injini na umri wa gari. Kenya walikwenda mbali zaidi: gari lililotumika likizidi miaka minane haliingii. Kuna tokeo moja la tofauti hiyo ambalo sijaona watu wakilizungumzia. Mnunuzi wa Nairobi na mnunuzi wa Dar es Salaam wakisoma kilomita kwa lita kwenye karatasi za Kijapani, wanaweza kuwa wanasoma mitihani miwili tofauti.

Japani ilikuwa na mtihani wake, ulioanza kutumika 1991, ukiitwa mwendo wa 10-15. Unachukua sekunde 660, dakika 11. Gari linakwenda kilomita 4.16, wastani wa kilomita 22.7 kwa saa, na mwendo wa juu kabisa ni 70. Injini huwa imeshapashwa moto kabla ya kuanza. Kiyoyozi hakifanyi kazi. Ndani kuna uzito wa watu wawili. Kuanzia 2011 mtihani ulibadilishwa, ukaitwa JC08: dakika 20, kilomita nane na kitu, kuondoka kwa nguvu zaidi, na sehemu yake inaanza injini ikiwa baridi. Vitz au IST ya kizazi cha kwanza ina namba ya mtihani wa zamani. Gari la miaka saba linaloshuka Mombasa leo lina namba ya mtihani mgumu zaidi. Ukiyaweka bega kwa bega kwenye simu yako, gari la zamani limependelewa na mwalimu.

Ukitaka kuona upendeleo huo kwa macho, mchukue Prius wa 2009. Toleo lake jepesi la Japani lilipata kilomita 38 kwa lita kwenye 10-15. Kwenye JC08, toleo hilohilo, 32.6. Prius wa kizazi hicho aliyeuzwa Marekani aliandikiwa maili 50 kwa galoni, ambazo ni kilomita 21 na kidogo kwa lita. Injini ni ya aina moja, betri ni ya aina moja. Ukimsikia dalali anakuapia "hii inatembea thelathini na nane kwa lita", usimwite mwongo. Anasema kweli ya dakika 11 kwenye chumba kilichofungwa.

Wapo waliodanganya kweli. Aprili 2016 Mitsubishi, kampuni ileile ya Lancer ya Joginder, ilikiri kwamba takwimu za mafuta za magari yake madogo ya kei, mengine yakiuzwa kwa jina la Nissan, yapatayo 625,000, zilichezewa ili zionekane nzuri. Waliobaini ni Nissan walipoyapima wenyewe. Ikajulikana kuwa njia isiyofuata sheria ilikuwa ikitumika tangu 1991. Rais wa kampuni alijiuzulu. Hila haikuwa kwenye injini hata kidogo. Ilikuwa kwenye namba ya upinzani, ile inayoiambia rola iige hewa na tairi kwa uzito gani. Ukiilegeza kidogo, gari linateleza kama liko kwenye barafu.

Haya yote niliyasoma maktaba, lakini sikuyasoma kwa utulivu, kwa sababu nyumbani palikuwa na hesabu ya kweli. Kaka yangu amekuwa dereva wa teksi za mtandaoni kwa gari la mtu. Kila jioni anapeleka hesabu kwa bosi, anajaza mafuta, na kinachobaki ndicho chake. Mama alipostaafu ualimu baada ya miaka 34, alisema sehemu ya kiinua mgongo chake itanunua gari ili mwanawe aache kumpelekea hesabu mtu mwingine. Hiyo ilikuwa 2022, mwaka ambao lita ya petroli Dar es Salaam ilipita shilingi 3,000. Ndugu, jamaa na wapangaji wote walikuwa na ushauri, na kila ushauri ulikuwa na namba.

Kaka anatembea kama kilomita 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Ni kilomita 3,900. Gari linalokwenda kilomita 11 kwa lita litamla lita 355 kwa mwezi. La kilomita 15 litamla lita 260. Tofauti ni lita 95, na kwa shilingi 3,000 ni karibu laki tatu. Kwenye nyumba yetu laki tatu ni kodi ya vyumba viwili.

Na hapa kuna mtego ambao Wamarekani wawili, Larrick na Soll, waliuandikia kwenye jarida la Science mwaka 2008. Macho yetu huona kilomita kwa lita kana kwamba kila nyongeza ina thamani sawa. Haina. Kwa safari ya kilomita 12,000, mtu anayetoka kwenye gari la kilomita 6 kwa lita kwenda la 8 ameokoa lita 500. Anayetoka kwenye la 15 kwenda la 20, ambayo inasikika kama hatua kubwa zaidi, ameokoa lita 200. Maana yake ni kwamba mjomba mwenye Prado la zamani akihamia kwenye gari la kawaida tu ameifanyia nchi na mfuko wake wema mkubwa kuliko mpwa anayehangaika kutoka IST kwenda kwenye haibridi. Wajomba hawapendi kusikia hivi. Nimejaribu.

Kaka alikuwa na magari matatu kichwani: Vitz ya cc 997, IST ya cc 1,298, na Toyota Aqua, haibridi ndogo iliyotoka Desemba 2011. Kwenye karatasi hakuna mjadala. Aqua iliandikwa kilomita 35.4 kwa lita kwa mtihani wa JC08, ule mgumu, na Vitz huishinda IST kwa wepesi tu, kwa sababu IST ilijengwa juu ya jukwaa la Vitz kisha ikaongezewa mwili.

Lakini kaka hakai kwenye karatasi, anakaa kwenye foleni ya Mandela. Wastani wa kilomita 22.7 kwa saa wa mtihani wa 10-15 hauko mbali sana na siku nzuri ya Dar es Salaam; kinachoharibu ni vile vitu vingine vyote. Abiria wa mtandaoni anafungua mlango na neno la kwanza ni "washa AC". Kompresa ya kiyoyozi kwenye injini ya cc 997 ni mzigo mkubwa, hasa gari likiwa limesimama na injini inaunguruma kwa ajili ya baridi peke yake. Weka watu wanne na mabegi ya kutoka stendi ya Magufuli, panda mlima mdogo wowote, na injini ndogo inalazimika kukanyagwa mpaka mwisho, mahali ambapo haijatulia na haibani chochote. Haibridi kwenye foleni iko nyumbani kwake: kompresa yake ni ya umeme, injini inazimika gari likisimama, na kila ukikanyaga breki sehemu ya nguvu hurudi kwenye betri badala ya kupotea kama joto. Ile Prius ya kwanza ya Desemba 1997, iliyotangazwa kwa kilomita 28 kwa lita, ilikuwa gari la kuendesha polepole kwenye jiji lililosongamana. Upande huo, Tokyo na Dar es Salaam zinaelewana.

Kaka hakunisomea hata ukurasa mmoja wa niliyokuwa nimemwandalia. Aliazima. Kila gari alilipata kwa rafiki kwa siku mbili, akaenda sheli moja, akajaza mpaka pampu ikakata yenyewe, akarudisha sifuri kile kibao cha kilomita, akafanya kazi kama kawaida kati ya Mbagala, Posta na Mbezi, akarudi sheli ileile na pampu ileile akajaza tena, akagawanya. Matairi yote aliyajaza upepo kwanza. Vitz bila kiyoyozi ilimpa 14.2. Siku ya pili, kwa kiyoyozi, 11.8. IST kwa kiyoyozi, 11.3. Aqua, 19.

Faida yote ya Vitz juu ya IST ilikuwa imeyeyuka, imebaki nusu kilomita. Aqua ilikuwa imewaacha wote kwa mbali. Tatizo la Aqua lilikuwa kwamba ingehitaji kiinua mgongo cha kutosha gari na mkopo wa VICOBA juu yake, kama milioni sita zaidi ya IST. Kwa hesabu ya kaka, ikienda 19 na IST 11.3, angeokoa lita 140 kwa mwezi, laki nne na ishirini, na tofauti ingerudi ndani ya miezi 15. Aliiandika kwa wino mwekundu akampelekea mama.

Mama alifundisha hisabati. Aliisoma, akakubali mgawanyo, kisha akauliza betri ya gari hilo ina miaka mingapi. Tisa. Akauliza ikifa mwezi wa kumi, nani analipa mkopo na nani analipa betri. Kaka alisema inaweza isife. Mama akasema inaweza, ndiyo, na akauliza tena. Mimi nilikuwa upande wa Aqua, na bado niko. Lakini naona pia kwamba hesabu ya kaka ilikuwa ya mafuta na hesabu ya mama ilikuwa ya gari lililosimama, na katika historia yote niliyoisoma, kuanzia karani wa Tokyo mpaka maabara ya moshi, hakuna aliyewahi kupima gari lililosimama.

Walinunua IST ya cc 1,298, ya rangi ya fedha, isiyo na mkopo. Milioni mbili zilizobaki mama aliziweka kando kwa ajili ya gia na matairi, akazifungia.

Kaka anaendelea na daftari. Limo kwenye kisanduku cha mlangoni, kava limejikunja kwa jua. Tarehe, lita, kilomita, jibu, na neno moja au mawili pembeni. Nimeomba ruhusa ya kunakili ukurasa wa Aprili. Tarehe 3: lita 31.4, kilomita 358, 11.4, kawaida. Tarehe 6: lita 28.0, kilomita 339, 12.1, sikukuu, mji mweupe. Tarehe 9: lita 30.2, kilomita 335, 11.1, mizigo. Tarehe 12: lita 29.9, kilomita 260, 8.7, mvua, Jangwani imefungwa.